Mate ya Babu

Nilikuwa na miaka minane au tisa siku ambayo mate ya babu yangu yaliamua maisha ya watu wawili. Sasa mimi ni mzee, nina wajukuu, na bado sijui babu alikusudia nini.

Ilikuwa katika ile miaka ya thelathini. Boma letu la Kalamba lilikuwa na ng'ombe wengi na mizinga ya nyuki hadi karibu na mto, na yote hayo yangekuwa chini ya Muthama, kifungua mimba wa babu na kaka mkubwa wa baba yangu. Muthama alikuwa mtu wa adabu mno. Hakuketi kabla baba yake hajaketi. Susu, yaani nyanya, alikuwa akicheka na kusema, "Huyu hakulia alipozaliwa. Aliitika."

Mtu huyu aliyeitikia kila kitu alitaka kitu kimoja tu cha kwake: kumwoa Ndinda, binti wa Mbithi wa Kasikeu. Lakini kabla sijazaliwa, babu na Mbithi waligombania kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto, na babu akatamka mbele ya watu kwamba mbuzi wake hatakanyaga kwa Mbithi kamwe. Kwetu ndoa haianzi bila mbuzi kupelekwa nyumbani kwa msichana. Na neno la mzazi la namna hiyo tuliliita kiumo. Tuliamini kwamba mwana akilivunja, atazika watoto wake, na hata wa ndugu zake. Aliyelitamka ndiye pekee aliyeweza kuliondoa, kwa kunywa pombe kidogo na kumtemea mwanawe kifuani. Mate hayo ndiyo yalikuwa baraka.

Mwaka huo ninaousimulia babu alipooza upande mmoja, na ulimi ukamfa. Asubuhi moja Muthama aliingia, akapiga magoti na kufungua shati. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha babu uji, kwa hiyo nikapewa kibuyu cha pombe nimnyweshe.

"Baba," Muthama alisema, "ni habari ya Ndinda. Ukikubali, nitemee. Ukikataa, sitauliza tena."

Babu alinyonya pombe, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha ikamtoka kwa ule upande wa mdomo uliopinda, pamoja na kikohozi. Ikalowesha goti la Muthama na udongo uliokuwa mbele yake. Kifua kilibaki kikavu.

"Ametema chini!" alisema shangazi Kalondu, dada ya Muthama na baba yangu, aliyesimama mlangoni. "Mimi nimeona!"

"Wewe unaona nini na huo moshi machoni?" baba yangu akamjibu. "Mzee amepaliwa. Kaka, mpe tena."

Muthama alimfuta babu mdomo kwa mkono wake. "Amechoka," alisema. "Tutamwomba kesho."

Nimeifikiria sana kesho hiyo. Mtu mwingine angemnywesha babu tena hapo hapo. Usiku ule babu alizidiwa, hakuweza tena kumeza hata maji, na siku ya tatu akafa.

Baada ya maziko Susu aliniita mbele ya watu wazima. "Wewe ulikuwa karibu kuliko sisi sote. Babu alilenga wapi?"

Nilimtazama Muthama anisaidie. Aliinamisha kichwa. Nadhani hakutaka macho yake yaninong'oneze jibu.

"Ilianguka chini, Susu."

"Sijauliza ilianguka wapi. Alilenga wapi?"

"Sijui."

Hilo la pili hakuna aliyelitaka. "Mtoto amesema chini," shangazi alisema, na wengine wakaguna.

Baba yangu hakukubali. "Kaka, wewe ndiye mwenye boma sasa. Sema utamwoa, nani atakuzuia?"

"Hakuna wa kunizuia," Muthama alijibu. "Lakini kila mtoto atakayekohoa katika boma hili, mtanitazama mimi. Hata wewe."



Baadaye maishani nimesoma riwaya za Waingereza wa kale, zenye mabwana vijana wanaorithi majumba makubwa na kuoa wanavyopangiwa. Wasomaji wenzangu huwaona watu wale wa ajabu. Mimi huona kama ninawafahamu. Siwezi kumlaumu shangazi, kwa kuwa alikuwa amezika wawili na alikuwa akinyonyesha wa tatu. Susu naye aliuliza swali la haki. Hata mimi nimejisamehe, ingawa ilichukua miaka mingi. Nilisema nilichokiona, na kwa mtoto hicho ndicho ukweli wote.

Iliamuliwa kwamba neno la babu libaki kama alivyoliacha, na Ndinda aambiwe asingoje. Desturi ilitaka atumwe mjumbe, mzee wa maneno laini. Muthama alikataa mjumbe. Alikwenda Kasikeu mwenyewe, kwa miguu, mchana kweupe. Ndinda ndiye aliyenisimulia, sote tukiwa na mvi, kwamba Muthama alisimama uani kwao mbele ya Mbithi na hakumtaja babu, wala shangazi, wala mimi.

"Aliniambia, 'Ni mimi niliyekataa,'" Ndinda alisema. "Nikamchukia miaka kumi na miwili, mpaka baba yako aliponieleza."