Ndoo ya Matumbo kwenye Gari Lisilo na Buti

Tulikuwa tunatoka Haltom City kwenda Gulfton, Houston, kumposea mdogo wangu wa kiume. Gari langu, dereva mimi. Baba mkubwa, msemaji wetu, akaja na ndoo ya matumbo ya mbuzi, hayajaoshwa, kifuniko kimezungushiwa selotepu.

“Baba mkubwa, hiyo haipandi humu.”

“Weka kwenye buti, mwanangu. Mkono mtupu haulambwi.”

Buti gani? Nikamweleza palepale, jua limeshaanza kuchoma. Sedani ina vyumba vitatu: cha injini, cha watu, cha mizigo. Langu ni hachibeki, lina viwili tu: injini kwake, watu na mizigo pamoja. Ule mlango wa nyuma unaonyanyuka na kioo chake huhesabiwa mlango wa tano, kwa sababu ukiufungua umeshaingia kwetu ndani. Ukiweka kitu pale, mnavuta nacho hewa moja.

“Mlango wa nyuma ni wa mizigo,” akasema, akaipakia mwenyewe. Ningefanyaje? Mkubwa habishiwi mara mbili.

Kabla ya kufika mji wa Corsicana lori likanikatia mbele, nikakanyaga breki, ndoo ikapinduka. Ptuu! Hata sasa nikiandika mate yananijaa mdomoni. Maji ya kijani yalipita chini ya viti yakatufikia miguuni. Tukashusha vioo vyote. Joto likaingia, uvundo haukutoka. Mdogo wangu, ndani ya suti mpya, alijiziba pua kwa tai. “Dada, watanikataa. Nakwambia watanikataa.” Na baba mkubwa anatafuna karanga! Nilimchukia, Mungu anisamehe.

Gulfton, shangazi za binti walitupokea kwa vigelegele vilivyokatika katikati. Wakarudi nyuma, vitenge puani. Binti mwenyewe, kwa adabu zake, akaenda kuinua ule mlango wa nyuma atusaidie mizigo. Akatapika palepale kwenye maegesho. Akashika bampa, akatapika tena, na tena.

Sote tulikuwa tumekunja nyuso, lakini aliyetapika ni yeye peke yake. Shangazi wakatazamana. Vitenge vikashuka puani.

“Ni haya matumbo, baba!” nikaropoka kwa baba wa binti. “Matumbo tu!”

Baba huyo akampita baba mkubwa aliyekuwa ameshaanza hotuba, akasimama mbele ya mdogo wangu.

“Miezi mingapi?”

Mdogo wangu akaiachia ile tai.

“Mitatu, baba.”