Waya Nne Kwenye Njia ya Ulyankulu

Harufu ya petroli iliyomwagika juu ya injini yenye moto hunisimamisha nilipo mpaka leo. Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa akihangaika na gari lake uani. Anapiga stata, anapumzika, anapiga tena. Nami, kikombe cha chai mkononi, nikajikuta nimesimama dirishani, moyo unanienda mbio kama wa mtoto. Sijawahi kumsimulia mtu habari hii kwa ukamilifu wake. Wewe nitakusimulia.

Baba alikuwa fundi magari Isevya, mjini Tabora, na watu walimwita daktari. Hakuwa mwepesi wa kufungua boneti. Aliinamisha kichwa, akasikiliza stata inavyozunguka, kisha akautaja ugonjwa: hii haipati cheche, hii imejaa mafuta, hii betri imechoka. Kwa kuwa nilikuwa sitoki gerejini kwake, alinifundisha mambo mengi, na alipenda kunihoji ghafla, hata tukiwa tunakula. Nikikosea, aliivuta nyama yangu upande wake wa sinia. Mwisho wa chakula aliirudisha, akijifanya hakumbuki imefikaje pale.

Pikapu yetu wenyewe ilikuwa na maradhi yake. Ikiwa baridi iliwaka mara moja, lakini ikishapata moto ukaizima, haikuwaka tena mpaka ipoe. Baba alishajua ni koili, kile kifaa kinachozalisha cheche, akaagiza nyingine Mwanza. Mpaka ije, amri ilikuwa moja: njiani injini haizimwi. Alitusomea amri hiyo asubuhi tuliyotoka Tabora kwenda Ulyankulu kumsalimia mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa akilima tumbaku huko na mumewe.

Siku ya tatu mdogo wangu Mwanaidi, mtoto wa miaka minne, aliamka anawaka homa. Kufika adhuhuri hakutambua hata jina lake. Mganga wa zahanati alimchoma sindano, akasema tumwahishe hospitali ya Tabora, tusikae kunywa hata maji. Tukaondoka.

Katikati ya pori Mwanaidi akaanza kutapika, mama akaomba tusimame kidogo. Baba akasogea pembeni, akazungusha ufunguo, akazima.

Mama alimgeukia taratibu. "Mbona umezima?"

Baba aliutazama ufunguo kama mtu aliyewekewa mkononi kitu cha mwenzake. Akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Kisha kukawa kimya kabisa, na katika kimya kile nilisikia pumzi ya Mwanaidi, fupi fupi, kama ya kuku aliyekimbizwa.

Jua lilikuwa bado kali, lakini pori la miombo pande zote mbili lilionekana limesogea. Hapakuwa na baiskeli wala mtu. Mbung'o waliingia madirishani. Niliteremka nikamfuata baba, nikitarajia atafanya lile alilofanya siku zote: kulowesha kitambaa, kuifunga koili ipoe, kungoja kidogo. Badala yake alizichomoa plagi, akazifuta, akazirudisha. Akapiga stata. Kisha akazichomoa tena, akazifuta tena, kwa umakini ule ule, kana kwamba ndiyo kwanza ameanza. Petroli ilimwagika juu ya injini, ikatoa mvuke. Nilitaka kusema, nikaogopa.

Mara ya tatu aling'oa waya zote nne za plagi kwa pamoja kwenye distribyuta, kifaa kinachozigawia cheche kwa zamu. Hapo nilishtuka kweli. Wanafunzi wake aliwakataza jambo hilo kila siku: chomoa moja, rudisha moja, usije ukapoteza mpangilio. Sasa alisimama na waya zile mkononi. Aliingiza moja, akaitoa. Mbung'o alimtua shingoni, akamnyonya mpaka akajaa, na baba hakumfukuza.

Aliniita bila kunitazama. "Zuhura. Hebu niambie, hizi zinakwendaje?"

Nilifurahi. Ndiyo, katikati ya yote yale, nilifurahi, maana niliona ni mtihani. "Moja, tatu, nne, mbili," nikasema. "Namba moja inatazama betri, halafu unazunguka kufuata mshale wa saa."

"Haya. Ziweke."

Hakuwahi kuniruhusu kugusa injini ya moto. Niliziweka moja moja, vidole vikiungua. Nilipoinua macho mama alikuwa amesimama nyuma yetu, Mwanaidi begani, akimtazama baba usoni. Alivua kanga yake ya juu, akaimwagia maji yetu yote ya kunywa, akanipa. Nikaifunga koili. Tukangoja muda ulionichosha kuliko safari nzima. Stata ilipopigwa injini ilikohoa mara mbili, ikashika.

Njia nzima mama alimwelekeza baba. Hapa shika kulia. Hapa polepole, kuna daraja. Barabara ile baba aliijua tangu kabla sijazaliwa.

Mwanaidi alilazwa, akapona. Leo ana watoto wake. Baba ndiye hakupona. Kabla mwaka haujageuka alianza kuniita kwa jina la dada yake, akawarudishia wateja magari yasiyo yao, na siku moja mama akalifunga geti la gereji kwa kufuli, akaweka ufunguo kifuani mwake. Nilimkasirikia mama kwa hilo. Nilimwona mkatili.

Lakini linalonirudia usiku si hilo. Ni kwamba miezi ile yote kabla ya kufuli, kila mgeni aliyeingia kwetu nilimsimulia namna baba alivyonipa mtihani porini nami nikafaulu, nikaliwasha gari kwa mikono yangu. Nilisimulia baba akiwa pale pale, kwenye kiti chake. Wageni walimgeukia kuhakikisha, naye alitabasamu, akatazama chini, akasema, "Ndiyo. Nilikuwa namjaribu."

Kila mara alijibu hivyo hivyo, hakuongeza neno. Mwishoni, alipokuwa ameshasahau gereji, na Ulyankulu, na jina langu, mtu akitaja gari bado alisema, kwa upole, kwa yeyote aliyekuwa mbele yake: nilikuwa namjaribu tu.