Marahaba ya Shangazi

Majirani zangu hapa Nyegezi wanasema mdogo wangu alirogwa. Wengine wanasema simu ilimharibu akili. Nakataa yote mawili. Mdogo wangu alisikilizwa, basi. Alimaliza chuo, akatuma maombi ya kazi mpaka akachoka, na sisi nyumbani swali letu lilikuwa moja kila jioni: vipi, wamekujibu? Mtandaoni akatokea mtu asiyeonyesha sura, akamuuliza anaumia wapi. Mimi dada yake, niliyembeba mgongoni, sikuwahi kumuuliza hivyo. Linaniuma mpaka leo.

Mabadiliko niliyaona kwenye salamu. Aliacha kuniamkia. Akaanza kutuita "waliolala", neno alilofundishwa na huyo mtu wake, na chakula akawa anakula chumbani, mlango umefungwa. Nilidhani ni kiburi. Nami hasira zangu ziko karibu, nikanuna, nikasema atanitafuta mwenyewe. Wiki mbili tuliishi nyumba moja bila salamu. Hizo wiki mbili nilimpa yule mtu bure.

Mchana mmoja nilikuwa kwenye feri nikirudi mjini kutoka Kamanga, ninakofundisha, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye kundi la ukoo. Kundi letu ni la misiba na harusi. Sauti ilikuwa yake. Shangazi yetu wa Bukoba, ambaye hasikilizi ujumbe kupita neno la kwanza, alikuwa ameshaandika: "Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

Nikaweka simu sikioni. "Shikamoo kiongozi," alisema mdogo wangu. "Niko tayari. Kesho asubuhi, sokoni, peke yangu. Hawa waliolala wataamka."

Ujumbe ulikuwa wa kwenda kwa yule mtu. Kidole kiliteleza, ukaja kwetu.

Nilikasirika, na hasira ndiyo iliyonisimamisha. Shikamoo niliyonyimwa mimi kapewa mtu ambaye hata umri wake haujulikani. Nilipiga simu polisi feri ikiwa bado katikati ya maji, nikawaambia mdogo wangu anataka kudhuru watu sokoni, na kwa hilo sitamwomba mtu yeyote msamaha. Kutoka gatini nilichukua bodaboda.

Nilimkuta ameketi kitandani, begi mapajani, anatazama simu.

"Shangazi ameitikia," alisema, kama mtu aliyeshikwa na homa.

"Ameitikia kwa sababu wewe ni mtoto wake." Nikakaa kizingitini, mgongo kwenye fremu ya mlango, miguu nimeinyoosha mpaka upande wa pili. "Hutoki."

"Dada, nipishe."

"Sikupishi. Hao waliolala ni mimi, na shangazi, na mama wauza dagaa wa sokoni. Ukitaka kuanza, anza na mimi. Niko macho."

Niliogopa mno. Sikusogea. Akaliweka begi chini, taratibu, akafunika uso kwa mikono. Polisi walipofika tulikuwa vile vile. Kabla hawajamtoa alinigeukia.

"Shikamoo dada."

Nikaitikia.

Sasa majirani wamenitumia mjumbe: akitoka asirudi mtaa huu. Nimemsikiliza mpaka mwisho, nikampa chai, nikamwambia chumba nimeshakipiga deki. Atarudi hapa hapa, ataniamkia, nami nitaitikia. Halafu nitamuuliza anaumia wapi.