Moyo wa Kuazima

Mke wangu hulipwa kwa kutoboa watu masikio. Kila alfajiri wakimbiaji wa kambi yetu hupanga foleni mlangoni kwake, naye huwachoma kwenye ndewe, hukamua tone la damu na kukipa kimashine chake kiseme mwili umechoka kiasi gani. Usiku wakimbiaji hulala na mkanda kifuani unaohesabu mapigo ya moyo. Wanamwita Mama Sindano. Mimi, dereva wa kambi, naitwa Mume wa Sindano, nami naitika.

Wiki ya mchujo wa mashindano ya dunia, mkanda wa Kiberiti, kijana wetu mwenye mbio kuliko wote, ulionyesha mapigo arobaini. Safi kabisa! Lakini mke wangu ana mazoea yake: kimashine kikifikiri, yeye hushika kifundo cha mkono na kuhesabu. Akapata sabini na mbili. Akarudia. Sabini na mbili.

"Mkanda ulivaa wewe?"

"Mimi, mama."

Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mwenzake wa chumba kimoja, akainamisha kichwa. Kumbe ndiye aliyeuvaa siku tatu!

"Ni mafua tu, mama," Kiberiti akasema. "Ungejua, ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo! Moyo nao unaazimwa?" Nilimsikia mpaka kwenye gari, na nilishawasha injini.

Hospitalini picha ilionyesha misuli ya moyo imevimba. Daktari akasema kama angekimbia mchujo Jumamosi ile, huenda angeanguka asiinuke. Apumzike miezi mitatu. Kiberiti alilia njia nzima.

"Umenimaliza, mama."

 Nyumbani mke wangu hakugusa chakula, na mimi kwa hasira nikala sahani zote mbili.

Miezi mitatu ikaisha, picha ikatoka safi, akarudi mazoezini, na wiki kadhaa baadaye nafasi moja ya timu ilikuwa bado haijapata mtu. Mita elfu tano, wa kwanza ndiye anayekwenda. Jamani, mbio zile! Mizunguko kumi alikuwa wa sita, nami nimeshaitafuna kofia yangu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, Kiberiti akawaka. Wa nne! Wa pili! Nilipiga honi ya gari la kambi kando ya uwanja mpaka askari akaja kuninyang'anya funguo, naye akasahau kilichomleta, akaanza kupiga kelele pamoja nami. Kiberiti alishinda kwa kifua tu.

Waandishi walimkimbilia. Akawapita, akaruka kizuizi, jasho likimtiririka, akamnyooshea mke wangu mkono.

"Hesabu, mama. Leo ni wangu mwenyewe."

Mama Sindano, aliyehesabu mioyo ya watu miaka kumi na tisa, akashika kifundo kile na kutazama saa. Alifika thelathini, machozi yakamziba macho, ikabidi aanze tena.