Shangazi Mastura Hana Ugonjwa

Hapa Frere Town hakuna mwanamke mwenye adabu kumshinda shangazi yangu Mastura, na kwa miaka miwili adabu hiyo ilitudanganya sote. Kutoka mlangoni kwake hadi dukani ni mwendo wa dakika sita, lakini yeye humchukua nusu saa. Husimama kwa fundi cherehani akamuuliza hali yake, ya mkewe na ya mamake aliyeanguka akavunjika nyonga. Husimama kwa muuza mihogo, naye akaulizwa watoto mmoja mmoja kwa majina. Watu walimsifu kwamba huyo ndiye muungwana wa zamani, si hawa wa siku hizi wanaokupita kama hawakukuona. Hata mimi nilimsifu, mjinga mimi, mpaka siku moja nilipofuatana naye nikamtazama vizuri. Fundi alikuwa akijibu, na shangazi hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango, anapumua kwa mdomo kama mtu aliyetua gunia la makaa. Fundi alipomaliza habari za mamake, shangazi akamuuliza, "Na mama je, hajambo?"

Moyo wake umetanuka. Daktari alimwambia hivyo miaka miwili iliyopita, akampa dawa aina nne, mojawapo ya kumkojoza ili maji yapungue mwilini, akamkataza chumvi. Nililijua hilo mimi peke yangu, tena kwa kuzifumania dawa ndani ya kopo la biskuti. Nilipomuuliza akanijibu kwamba ugonjwa ni siri ya mja na Mola wake, na anayeutangaza anamnung'unikia aliyemuumba. Hayo ndiyo maelezo ya dini. Maelezo ya kweli aliyatoa baadaye, akiwa amekasirika: watu wakijua u mgonjwa hawakupi hata sufuria ya kuosha kwenye shughuli, wanakuketisha pembeni na wazee, wanakuletea sahani. Anajifunika buibui hadi chini, miguu iliyovimba haionekani, na ukimuuliza hali anakwambia mzima, alhamdulillah.

Mwanawe ni mmoja tu, Safwan. Anaoka mikate katika meli ya watalii, mikate ya watu elfu mbili kila siku. Katika miaka miwili meli yake ilitia nanga Mombasa mara tatu, kwa muda wa saa nane kila mara, na mara zote tatu alikuwa na zamu mbele ya tanuri. Mara moja tu alipata ruhusa akaonana na mamake langoni mwa bandari, dakika ishirini. Mwaka huu kampuni yake ikamkubalia kumpandisha mzazi wake melini bila nauli: Unguja, Madagaska, kisha kurudi Mombasa, siku sita kwa jumla. Baada ya safari hiyo Safwan angehamishiwa meli za Ulaya ya kaskazini, na hakujua angerudi lini huku kwetu. Alisikia wenzake wakisema miaka miwili.

Shangazi aliposikia hivyo alinishika mkono. "Miwili mingine mimi siifikii, Mahfoudha," akasema.

Nikadhani amekiri. Nikatoa fomu ya afya ya abiria.

Lazima niseme kazi yangu hapa, maana ndiyo inayonitia aibu. Ofisi yetu ndogo mjini inahudumia abiria wa meli wenye mahitaji: wa viti vya magurudumu, wasioona, wa sindano za sukari zinazotaka friji, na wale ambao kwa macho hawana chochote ila ndani wanaumwa. Kila siku nawaandikia watu wa mbali maneno yale yale. Semeni mapema. Meli haimkatai mgonjwa, inakataa kushtukizwa. Ukisema mapema utapata chumba karibu na lifti, utapata kiti, na daktari wa meli atazungumza na daktari wako. Hayo nimeyaandika mpaka vidole vinayajua vyenyewe.

Basi nikamsomea shangazi. Ana maradhi ya moyo? Hana. Anatumia dawa gani? Hatumii. Anaweza kutembea mita mia mbili bila kupumzika? Akacheka, akaniambia nikaulize mtaani kama kuna siku amekosa kufika dukani. Anahitaji kiti? Hapo akakasirika hasa. Nikamwambia shangazi, hii fomu si jirani yako, haitakwenda kukusema. Akanijibu nikiandika kinyume cha alivyosema ataichana, hatakwenda, na Safwan akiondoka bila kuonana na mamake, mimi ndimi nitakayemweleza sababu. Tulibishana siku nne. Siku ya tano nikaandika "hakuna" kutoka juu hadi chini, nikatuma. Nilimkasirikia wiki nzima, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Siku ya safari tulifika gatini saa sita mchana. Daraja la kupandia melini lilikuwa refu, limeinuka, lina vyuma pembeni. Chrispine, jamaa wa Mikindani anayesukuma viti vya abiria, alimtupia shangazi jicho moja tu akaelewa. Mtu wa kazi hiyo haangalii buibui. Akaleta kiti.

"Mathe, keti hapa nikufikishe juu," akamwambia. "Hii ni slope mbaya."

"Mwanangu, mimi nimekuomba?" shangazi akamjibu kwa upole wa kuua.

Mbele yetu alikuwapo kijana mrefu wa kizungu, mzima kwa kumtazama, amevaa shingoni kadi ya wale wenye maradhi yasiyoonekana, naye alipitishwa kwenye foleni ya viti. Shangazi akaniinamia sikioni akasema kijana mwenye nguvu kama yule haoni haya kuwapita wazee? Wallahi nilitamani kupiga kelele.

Tukaanza kupanda, mimi nikimsindikiza kwa kibali cha ofisi. Askari wa langoni alikwisha kusalimiwa, na wachukuzi pia. Hatua ya kumi na tano hapakuwa tena na mtu wa kumuuliza hali. Shangazi akasimama, akageuka, akaanza kuwaamkia wazungu walio nyuma yetu. Mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu akamjibu "jambo" kwa furaha, naye akapata nafasi: habari za safari, za nyumbani, za mke, za watoto. Mzee wa watu alitikisa kichwa kwa kila swali. Foleni ikakwama hadi chini gatini. Midomo ya shangazi ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

Juu palikuwa na meza, na nesi wa meli amekaa na fomu za abiria. Alimtazama shangazi kabla hajatazama karatasi. Akaniomba nimuulize anajisikiaje. Nikauliza.

"Mwambie sijambo."

Nesi akaomba nimuulize tena, kama kifua kinabana.

"Mwambie mimi mzima, alhamdulillah. Ni jua tu."

Nesi akanitazama mimi. Nikafikiria siku sita baharini, na hospitali hakuna, na daktari asiyejua huyu mama anameza nini. Nikafikiria pia Safwan na mikate yake, akimngoja mamake. Kisha nikasema yote kwa Kiingereza: moyo, miguu, miaka miwili, dawa nne kwa majina yake. Shangazi hajui Kiingereza, ila majina ya dawa zake anayajua. Akageuza uso akanitazama, na mtazamo ule ninao mpaka leo.

Nesi hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alieleza taratibu kwamba fomu ingesema kweli, chumba kingekuwepo, kiti kingekuwepo, na wamewahi kusafiri na wagonjwa kumliko huyu. Sasa haiwezekani bila barua ya daktari wake, na meli inaondoka saa kumi. Nilimpigia daktari mara tano. Hakushika.

Chrispine alileta kiti tena. Shangazi akakaa, akateremshwa akiwa amefumba macho.

Safwan alipewa ruhusa ya nusu saa ashuke. Akaja na nguo zake nyeupe, unga kwenye mikono, akaketi kwenye benchi kando ya kiti cha mamake. Shangazi akaanza mara moja: ni jua, ni uchovu, Mahfoudha naye hupenda kukuza mambo. Safwan alimwacha amalize.

"Mama," akasema, "kila Ijumaa nakupigia simu nikakuuliza hali, unaniambia mzima. Miaka miwili. Kuanzia leo nikiwa huko mbali nikakuuliza, nitajuaje?"

Shangazi akanigeukia kana kwamba ningeweza kumtafsiria, na hapo hapakuwa na cha kutafsiri. Hasira zangu zote zikanishuka, nikabaki na huzuni tupu.

Kisha akainama, akashika pindo la buibui, akalipandisha hadi chini ya goti. Akamchukua mwanawe mkono akauweka kwenye mguu uliovimba. Safwan akabonyeza polepole kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Alipoondoa, kishimo kikabaki.

"Na wa pili ni hivyo hivyo," shangazi akasema. "Na usiku nalala nimekaa."

Wakazungumza kwa sauti ya chini, nami nikasogea. Alimweleza kila kitu, hata dawa anazoziruka siku za harusi kwa kuogopa kwenda msalani kila mara. Honi ya meli ikalia kabla hajamaliza. Safwan akabonyeza tena pale pale, akambusu mikono yote miwili, akapanda, na hakugeuka mpaka alipofika juu.

Nikainama nimshushie buibui. Akanizuia. Akakaa vile vile, mguu wazi mbele ya wachukuzi na askari, akikitazama kishimo cha kidole cha mwanawe mpaka kikajaa.