Alama kwenye Karatasi ya Bati

Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama upande wa kushoto wa kiti, na kwa muda huo wote wagonjwa waliomwuliza jina wangehesabika kwa vidole. Wagonjwa humkumbuka daktari. Yeye walimkumbuka kama mkono tu: mkono uliovuta shavu pembeni, ulioshika mpira wa kunyonya mate, uliowafuta kidevu kabla hawajajitazama kwenye kioo. Hilo halikumnyima usingizi. Kazi yake aliijua, na alijua kwamba anaijua.

Aliingia kliniki ile akiwa mfagiaji. Siku moja daktari mzee, ambaye sasa amestaafu, alimkuta akipanga vyombo vilivyotoka kuchemshwa, kila kimoja mahali pake, akamwuliza nani kamfundisha.

"Macho tu," alijibu.

Mwaka uliofuata akapelekwa chuoni, akarudi na cheti, na ufagio ukapata mwenyewe mwingine.

Wenzake walimbatiza Mama Bati kwa sababu ya karatasi nyembamba ya bati inayofungiwa nyuzi za kushonea. Wengine huitupa. Yeye huilaza kwenye sinia safi, maana iko kazi moja inayoihitaji. Mgonjwa aliyepandikizwa jino la bandia akiwa na ufizi mwembamba kuzunguka skrubu inayolishika kwenye mfupa, daktari hukata kipande cha nyama juu kwenye kaakaa, akakishona chini ili ufizi unenepe. Kipande hicho sharti kilingane na mahali kinapokwenda. Basi karatasi hulazwa kwanza pale chini, ikakatwa ikapata umbo, kisha hupelekwa kwenye kaakaa, kama fundi cherehani anavyolaza kipimo juu ya kitambaa.

Lakini karatasi ile hung'aa pande zote mbili. Ikipinduka, umbo nalo hupinduka, kulia kukawa kushoto, na nyama itakayokatwa haitafaa. Kwa hiyo, kabla haijanyanyuliwa, Mama Bati huikwaruza msalaba mdogo kwa ncha ya sindano upande unaotazama nje. Alama hiyo haimo kwenye kitabu chochote alichosoma. Aliibuni mwenyewe.

Mgonjwa wa asubuhi hiyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye bucha. Jino lake la kwanza la kupandikiza lilikuwa limeng'oka baada ya miaka miwili. Ufizi ulikuwa mwembamba, ukivutwa na shavu kila alipoongea, na mswaki ukigusa pale ulimtoa machozi. Basi akaacha kupagusa. Uchafu ukajazana, mfupa ukaliwa, skrubu ikalegea. Sasa la pili, lililopandwa pale pale, nalo lilianza kutoa damu, na mfupa uliobaki usingeweza kubeba la tatu. Ama ufizi ushike safari hii, ama jino aliage.

"Shemeji," alisema akijilaza kitini, "miaka yote unatuambia unafanya kazi ya maana, kumbe unashika bomba."

"Fungua mdomo. Leo angalau utafunguka kwa faida."

Daktari kijana alicheka ndani ya barakoa. Alikuwa mtaalamu wa fizi aliyekuja kushika nafasi ya mzee miezi minne nyuma. Mikono yake ilikuwa mizuri. Mama Bati alilikiri hilo mapema, na hakuwa mwepesi wa kukiri.

"Daktari, ukate vizuri," shemeji akaendelea. "Hiyo ni nyama ya daraja la kwanza."

"Unene wake milimita moja na nusu tu."

"Milimita moja na nusu? Mteja wangu angenirudishia usoni."

Ganzi ikamnyamazisha. Daktari alifungua ufizi wa chini, akatandaza mahali pa kupandia. Mama Bati alikata karatasi kwa mkasi mdogo: ncha fupi mbele, pengo la mviringo la kukumbatia skrubu, na bawa refu nyuma, kule ambako ufizi ulikuwa mwembamba kuliko kwingine. Akakwaruza msalaba. Daktari akaichukua kwa kibanio. Ikamponyoka, ikaangukia sinia. Akaiokota, akailaza kwenye kaakaa, akashika kisu.

Mama Bati alitafuta msalaba. Haukuwepo.

Zamani, yeye na daktari mzee walikuwa na lugha yao. "Daktari, nikusogezee taa?" Mgonjwa alisikia adabu, daktari alisikia: simama, tazama tena. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi bila kumtia hofu mtu aliyelala macho kodo, masikio yakiwa wazi.

"Daktari, nikusogezee taa?"

"Taa iko sawa, Mama. Asante."

Bila shaka. Nani angemwambia maana ya swali lile? Kisu kilianza kushuka. Kaakaa lake lilikuwa na nyama ya kutosha kipande kimoja tu. Kikiharibika, wangengoja miezi kidonda kipone, na skrubu ile haikuwa na miezi. Alifikiria aibu ya kijana mbele ya mgonjwa. Alifikiria shemeji, na namna kisa hiki kingesimuliwa buchani mpaka wajukuu wazeeke. Kisha akaweka mpira wa kunyonyea chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katikati ya kazi, akagusa kifundo cha mkono wa daktari kwa kidole kimoja.

"Alama haionekani," alisema. "Karatasi imelala kifudifudi."

Daktari alitazama karatasi, akatazama chini, akarudi kwenye karatasi. Macho ya shemeji yalikwenda kwa mmoja, yakaja kwa mwingine.

"Kweli," daktari akasema, na sauti hakuipunguza. "Nimeipindua. Ningekata kinyume." Akaigeuza, msalaba ukatokeza. "Tazama nami, Mama. Sasa?"

"Sasa iko sawa."

"Aaa?" shemeji akauliza kutoka kooni.

"Tulia. Unashonewa nguo mpya, na vipimo vimekubali."

Kipande kilikaa kwenye skrubu kana kwamba kilizaliwa pale. Kikashonwa, na Mama Bati akakikandamiza kwa shashi iliyoloweshwa, dakika tano kamili, bila kubadilisha mkono. Kidonda cha juu kilifunikwa kwa kibao cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo la kaakaa lake.

"Nani kapindua nini?" shemeji aliuliza mara tu aliporudishiwa mdomo, mate yakimtoka upande.

"Mimi nilipindua karatasi," daktari alisema. "Mama akaiona kabla sijakata."

Shemeji alimtazama mke wa kaka yake. Akafuta mate kwa kiganja, polepole.

Siku ya saba, asubuhi, shemeji alimtokea jikoni kwake amejishika shavu. "Imeoza. Imekuwa nyeupe. Nyama ikiwa na rangi hiyo dukani, naitupa kabla mteja hajaiona. Kuna ngozi inaning'inia, nataka niikate. Kisu changu kina makali kuliko cha daktari wenu."

"Ukiigusa nitamwambia kaka yako akufunge mikono."

Alinawa, akammulika kwa simu. Utando mweupe ulikuwa umejivua juu ya kipande chote. Pembeni, wekundu mwembamba ulikuwa ukichungulia, ila kwenye bawa la nyuma palikuwa na rangi ya majivu ambayo hakuipenda.

"Nyama yako ya dukani imekufa, shemeji. Hii inaishi. Inavua ngozi ya juu, chini inatafuta damu. Sukutua kwa dawa uliyopewa, uiache."

"Una uhakika?"

"Nimesema uiache."

Uhakika hakuwa nao wote. Siku nne alifika kazini akisubiri simu. Haikulia, na hakumwambia mtu jinsi alivyoisubiri.

Wiki ya kumi shemeji alirudi kitini. Sasa, kabla ya kushika kisu kwa mgonjwa yeyote, daktari huuliza, "Alama?" na hata manesi wawili wapya wa kliniki wameshazoea kuikwaruza. Siku hiyo hakukuwa na kisu. Daktari alivuta shavu: ufizi haukufuata. Ulikuwa wa waridi, mnene, umeishika skrubu kama kola iliyopigwa pasi. Akampa Mama Bati kijiti cha kupimia upana wa ufizi.

"Soma wewe."

"Milimita nne," alisoma. Akahamia nyuma, kwenye bawa lile. "Nne na nusu."

Halafu Mama Bati akampa shemeji mswaki laini, akasimama naye kando ya beseni. Shemeji alianzia meno ya mbele, akazunguka mbali, akapitia upande wa pili, akaishiwa njia. Akafika pale. Mabega yalimpanda, akafumba macho akingoja maumivu. Hayakuja. Akapiga tena, duara dogo juu ya duara dogo, akatema. Hakukuwa na hata tone la damu.

"Haiumi," akasema, kwa sauti ya chini ambayo si kawaida yake.

"Najua."

Akarudisha mswaki mdomoni. Mgonjwa aliyefuata alikuwa amekwisha kuitwa, yuko mlangoni. Mama Bati alimwomba aketi kidogo, akarudi kusimama kando ya beseni, mikono nyuma na kidevu juu, akamwacha shemeji yake apige mswaki mpaka aridhike.