Magimbi ya Mama Chini ya Mkuyu

Enzi zetu kule Rwamgasa mwavuli ulikuwa unaota nyuma ya bafu. Uliyekulia huko unanielewa: jani la gimbi, pana kuliko ungo. Asubuhi ya mvua unalikata, unajifunika kichwani, unafika shule shingo inawasha kwa utomvu lakini daftari kavu. Vijana wa siku hizi wakidondokewa na tone moja tu wanaita bodaboda. Mtajiju!

Mama aliyapanda magimbi yake chini ya mkuyu, maji ya kuogea yalikotiririkia. Alitukataza jambo moja tu: tusiguse jani changa la katikati. Siku moja mdogo wangu Masanja akalikata. Alichapwa kwa fimbo ya mkuyu huohuo. "Jani hili na kivuli hiki ndivyo vinavyowalisha!" Mama alifoka akiuonyesha mkuyu, na jioni tukala magimbi ya kuchemsha na maziwa mgando, Masanja bado anavuta kamasi.

Sasa nina hasira, sifichi. Masanja, mtu mzima na ndevu zake, kawauzia wachimbaji ule mkuyu wakatengenezee matimba, magogo ya kuzuia duara, shimo la dhahabu, lisiporomoke. Jua likaingia bustanini. Wiki mbili hazikuisha, majani yakaungua yakalala chini. Nikampigia simu nikiwa dukani kwangu Katoro, nikamtukana mpaka wateja wakanyamaza.

"Dada, si nilikuuliza?" akasema. "Ukaniambia niukate tu, wewe una wateja."

Kweli aliniuliza. Nilikuwa napima sukari, hata sikumwacha amalize. Hasira yote ikanirudia mwenyewe. Mjinga mkubwa mimi!

Jumamosi nikaenda nyumbani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu."

Hakuinuka. Alikuwa amechuchumaa kando ya kisiki. Gimbi limebaki moja, lenye jani moja changa. Mwavuli mweusi niliomnunulia wa kwendea kanisani kaufungua, akaufunga kwa kamba kwenye kisiki, umelifunika. Yeye mwenyewe jua lilikuwa linampiga utosini.

Nikamwambia mimi ndiye niliyeruhusu mti ukatwe. Akanipa kopo la maji.

"Mwagilia," akasema.

Enzi zile majani yale yalitukinga mvua watoto wanne, wala hatukuwahi kushukuru. Kesho yake, Jumapili, Mama alikwenda kanisani na jua lote kichwani. Mwavuli aliuacha kwa gimbi.